Mwaka Baba Mkwe Alipokalia Duka

Mwezi uliopita tulisoma arobaini ya baba mkwe wangu kijijini Kyimo, na watu walipokwisha kunawa mikono baada ya pilau, shemeji yangu mkubwa akataka kila mke wa nyumba ile aseme neno moja aliloachiwa na marehemu. Wenzangu walioolewa baada yangu, desturi zilipokwisha kulegea, walikuwa na maneno tele: huyu aliusiwa avumilie, yule aliambiwa chai yake ni nzito kama uji. Zamu yangu ilipofika nilibaki nimeshika upindo wa mtandio. Niliishi katika uwanja wa mzee yule mwaka mzima kabla hatujahamia nyumba yetu wenyewe, nikapika karibu kila alichokula, na hakuwahi kuniambia neno hata moja, wala mimi sikuwahi kumjibu. Nikasema kwamba alinirudishia kichwa changu, nikakaa. Vijana walitabasamu kwa adabu, wakidhani bibi ameanza mafumbo. Sikuwa na fumbo lolote. Nilikuwa na miaka ishirini na moja wakati ule, na kichwa changu hakikuwa changu tena.

Ulikuwa mwaka wa mambo kujaa. Waliokulia enzi za foleni za sabuni wanajua ninachosema: jana unakata mche wa sabuni kwa uzi ili mgawane na jirani, leo kila mwenye banda kando ya barabara ya Mbeya anauza sabuni za rangi tatu. Ruksa ya kila mtu kufanya biashara ilikuwa imetufikia na sisi. Mume wangu Hamisi alikuwa miongoni mwa wa kwanza pale Kyimo kufungua duka. Lilitazama barabara; nyuma yake palikuwa na stoo ndogo yenye mlango wa kutokea uani, na uani ndiko ilikokuwa nyumba ya wazazi wake, jiko la matofali mabichi, zizi la ng'ombe mmoja wa maziwa, na chumba chetu kilichoungwa ubavuni mwa nyumba kubwa kiasi kwamba mzee akikohoa sebuleni, sisi tunavuta blanketi. Mvua ya Rungwe haina likizo. Ilipiga bati asubuhi, ikapiga mchana, na nguo nilizofua Jumatatu nilizianua Alhamisi zikinuka moshi. Mimi nilikuwa mtoto wa Tukuyu mjini, wa watu wa biashara ambao babu zao walitoka pwani, nikadhani maili chache za barabara haziwezi kumfikisha mtu ugenini.

Ugeni niliukuta mlangoni. Siku ya pili ya ndoa mama mkwe, Bi Mwajuma, alinikalisha jikoni akanifundisha namna ya kumwogopa baba mkwe. Kwa Wanyakyusa wa rika lake, mke wa mwana na baba wa mume hawaonani. Si kwamba hawapatani. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Akipita, najibanza nyuma ya mlango au nachuchumaa na kujifunika kanga mpaka aondoke. Alipo yeye siingii. Jina lake silitamki, na hata hapa silitaji, si kwa kuficha bali ulimi haujazoea. Naye kwa upande wake alikohoa kila alipokaribia kona, nipate nafasi ya kukimbia. Shehe wa msikiti aliwahi kumwambia kwamba hayo hayamo katika dini, akajibu kwamba dini ni dini na adabu ni adabu. Nilimjua kwa kikohozi, kwa mabuti yake ya mpira yaliyokaukiwa na matope kizingitini, na kwa sauti yake akizungumza na wengine nyuma ya ukuta. Nilijua pia kwamba alikuwa dresa mstaafu, mmoja wa wale wahudumu wa zahanati waliofunga vidonda na kugawa dawa wakati wa kumsubiri daktari, ambaye mara nyingine hakufika kabisa.

Kipandauso nilikuja nacho kutoka kwetu. Mama yangu alikuwa nacho, na mama yake pia. Kilinijia mara moja kwa mwezi, pengine miezi miwili ikapita: jicho la kushoto linaanza kuona vimulimuli, halafu nusu ya kichwa inagonga, natapika, nalala chumba cha giza na kitambaa cha maji usoni, kesho yake naamka mzima na njaa ya kula sufuria. Kwetu hakukuwa na dawa kwa sababu dawa zilikuwa adimu kila mahali. Nilipoolewa nikajikuta mbele ya chupa kubwa ya kioo juu ya kaunta, kati ya peremende na viberiti, imejaa vidonge vya kichwa, viwili viwili katika karatasi ya kung'aa. Mara ya kwanza kilipopanda nilimeza viwili, na kabla maharage hayajaiva kichwa kilikuwa chepesi. Nililia kwa furaha, sioni aibu kusema. Nilidhani ugonjwa wa bibi na mama umeishia kwangu.

Leo naona jinsi mlango ulivyofungwa polepole, lakini wakati ule kila hatua ilikuwa na akili yake. Duka lilifunguliwa alfajiri kwa ajili ya wachuma chai, nami nilitoka chumbani na kikombe cha chai ya rangi bila kitu tumboni. Nikaanza kumeza viwili kabla ya kufungua, kwa kuzuia tu. Kisha viwili vya mchana, kwa sababu ikifika saa sita kichwa kinabana. Hicho hakikuwa kipandauso; hakikuwa na vimulimuli wala kutapika. Kilikuwa kichwa kingine, cha kila siku, kilichobana pande zote kama kamba ya robota la mitumba, na kilikuwa kinaniamsha kabla ya adhana. Nikimeza kinalegea, baada ya muda kinakaza tena. Masika yalipoanza sikuweza kukumbuka siku iliyopita bila maumivu, na bado nilisimama pale kaunta nikiwauzia wenzangu vidonge vilevile na kuwaambia vinasaidia. Hamisi alinipenda, na mapenzi yake yaliniongezea kifungo. Kila alipotoka Mbeya kufuata bidhaa aliniletea aina mpya: vyekundu, vya rangi mbili, vile alivyoambiwa ni vikali zaidi. Wanaume wengine waliwaletea wake zao vitenge.

Jioni moja nilikuwa nimelaza shavu ukutani kwa sababu ukuta ulikuwa wa baridi, nikamsikia mama mkwe sebuleni akimwambia Hamisi kwamba mgonjwa huuguzwa kwao. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba ni jini la pwani lililonifuata, na jini la pwani halijui Kinyakyusa, sasa pale nani angezungumza nalo? Hamisi akakubali: mahindi yakishaingia ndani, mwisho wa mwezi, atamwita mama yangu aje kunichukua, nikae kwetu kidogo mpaka nipone. Kidogo! Mwaka uleule mke wa jamaa mmoja wa Nkunga alirudishwa kwao kuuguzwa kidogo, na baada ya wiki mbili sanduku lake likamfuata juu ya pikapu. Nilimpenda mume wangu na sikutaka kurudi Tukuyu kuwa yule binti aliyeshindwa na nyumba. Nilikuwa na wiki tatu mkononi, na kichwa kisichonipa nafuu hata ya siku moja.

Kesho yake nilikuwa jikoni namenya ndizi wakati baba mkwe alipokuja kukamua. Zizi lilikuwa nyuma tu ya ukuta wa jiko. Alikohoa, nami nikabaki palepale kwa kuwa ukuta ulitutenga. Kwa kawaida alikamua kimya. Siku ile alianza kuzungumza na ng'ombe, tena kwa Kiswahili, ng'ombe ambaye maisha yake yote alisemeshwa Kinyakyusa. Akamweleza kwamba wakati wa kupalilia migomba amefukua karatasi za kung'aa, akaokota na kuokota mpaka mfuko wa koti ukajaa. Akamsimulia habari za mwanamke mmoja wa zahanati yake ya zamani, aliyekuja kuomba dawa ya kichwa kila wiki, kisha kila siku, na yeye kwa huruma akampa kila siku, mpaka daktari mmoja mzee alipopita akamwuliza anatibu nini hasa.

"Dawa ya kichwa ukiinywa kila siku, ng'ombe wangu, ndiyo inayoleta kichwa," alisema. "Huyo mtu aache vyote kwa mpigo. Kitamuuma kuliko mwanzo, siku saba, siku kumi, na ale kwa saa, anywe maji. Kikiisha hicho, atabaki na ugonjwa wake wa kweli, na huo tunaujua. Ila akiona homa kali, au shingo imekaza, au mkono umelegea, hiyo siyo habari ya vidonge. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo."

Mama mkwe, aliyekuwa anachambua maharage kizingitini, alitikisa kichwa na kunong'ona kwamba uzee huanzia mdomoni. Kisu changu kilikuwa kimesimama juu ya ndizi. Kuaibika niliaibika, maana karatasi nilizofukia kwa siri zilikuwa mfukoni mwa mtu ambaye hata kivuli changu hakupaswa kukiona. Lakini nilimwamini. Katika miezi yote ile yeye peke yake ndiye aliyeeleza ugonjwa wangu kwa namna niliyokuwa nausikia mwenyewe kichwani.

Kuamini si kuweza. Hamisi aliondoka kwenda Mbeya kwa safari ya wiki mbili, nami nikajiambia sasa naanza. Niliacha siku moja na nusu. Siku ya pili mchana nilijikuta stoo nimekumbatia chupa, nikameza vinne pamoja, na nikalala nikijichukia. Asubuhi iliyofuata nikavuka uwanja katika manyunyu kwenda kufungua duka, na nilipofika mlango wa stoo nikasikia kikohozi ndani. Nikarudi nyuma, nikajifunika, nikachuchumaa chini ya mchirizi wa bati kusubiri apite. Hakupita. Nilisubiri mpaka kanga ikalowa. Mama mkwe alipotokea akachungulia ndani, akarudi amekodoa macho. Baba mkwe alikuwa amechukua ufunguo uliotundikwa nyumba kubwa, ameweka kiti chake cha kukunja katikati ya stoo na kufungua dirisha la mbele, na chupa ya vidonge ilikuwa chini, katikati ya mabuti yake.

Alikaa pale siku kumi. Alipo yeye siingii, nimekwisha kusema. Hakunikataza chochote, hakuninyang'anya chochote, alikaa tu, na desturi ikafanya kazi ya kufuli. Wazee wenzake walipita kumcheka: mtu mzima, dresa mstaafu, leo ni mwuza viberiti wa mkwewe! Bi Mwajuma aliwasikia na ilimchoma. Siku moja mzee alimpimia mteja mafuta ya taa katika chupa ya mafuta ya kula, na mteja akarudi na sufuria nzima ya mboga kuonyesha ushahidi. Mzee akamwomba radhi, akaendelea kukaa.

Mimi nilikuwa chumbani, na sitaki kuzipamba siku zile. Siku ya tatu nilitapika mpaka nyongo. Nilifunga kichwa kwa kitambaa, nikafungua, nikafunga tena. Kila tone lililopiga bati nilisikia linapiga mfupa. Siku ya nne nilimchukia mzee yule kwa moyo wangu wote. Nilimwombea mabaya ambayo sikudhani nayajua. Nikapanga kwenda kwa miguu mpaka duka lingine, lakini bibi harusi hatangatangi barabarani peke yake, na hata hivyo miguu haikunifikisha mgomba wa tatu. Nikamshika mama mkwe magoti, nikamwomba viwili tu, viwili vya mwisho.

"Ndaga, mwanangu," akasema, yaani pole, kwa ile sauti wanayompa mfiwa. "Mzee kasema chupa ni yake."

Akaniletea uji wa ulezi wenye maziwa, akakaa mpaka nikamaliza. Aliuleta asubuhi, akaleta ndizi na maharage mchana, akaleta viazi jioni, kwa saa zilezile kila siku, yeye ambaye aliamini nina jini. Nilikuwa nimefungwa katika chumba kimoja na kichwa kimoja, na wazee wawili ndio walinzi wangu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na haja ya kupandisha sauti.

Siku ya saba kilibana mpaka mchana tu. Siku ya kumi niliamka adhana imekwisha kupita, nikabaki nimelala nikingoja kamba ikaze. Haikukaza. Niligeuza shingo kushoto, nikageuza kulia. Mvua ilikuwa inanyesha na ilikuwa mvua tu. Nikatoka uani, nikamwambia mama mkwe, kwa sauti ya kufika stoo, kwamba leo hakiniumi mahali popote. Kabla ya adhuhuri kiti kilikuwa kimekunjwa na ufunguo umerudi kwenye msumari wake.

Hamisi aliporudi alikuwa na katoni nzima ya vidonge vipya, zawadi yangu, na alikwisha kuzidaka njiani habari za baba yake kuuza viberiti. Sijui kipi kilimuuma zaidi, aibu ile au mimi kumwambia asiniletee tena. Alikaa kitandani na katoni mapajani. Aliuliza basi anifanyie nini nikiugua, na nilimwonea huruma, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kunionyesha kwamba ananijali. Nikamwambia anihurumie kwa kunifungulia duka alfajiri, nipate kula kwanza. Alifanya hivyo, akinung'unika.

Mama mkwe akaniletea makopo mawili, akasema ametumwa. Siku kichwa kikiuma, nitie harage katika la kwanza. Siku nikimeza dawa, nitie punje ya hindi katika la pili, na mahindi yasizidi mawili kwa wiki. Makopo yalikaa dirishani, na nilijua kwamba nikiwa dukani mtu huyachungulia, maana mara mbili niliyakuta yamefutwa vumbi. Baada ya siku chache kipandauso changu cha kweli kilikuja, na vimulimuli vyake vyote. Nilimeza mara moja kilipoanza, nikalala gizani, jioni kikaisha. Kesho yake ndiyo ilikuwa kazi. Kichwa hakikuuma, lakini mkono ulitaka kumeza kwa kuzuia, na nilikaa juu ya mkono huo, nasema kweli, niliukalia. Harage moja, hindi moja. Daktari wa hospitali niliyemwendea baadaye alinieleza yaleyale, hata zile siku mbili kwa wiki, na sikumwambia kwamba nilikwisha kuyasikia yakiambiwa ng'ombe. Kipandauso sikupona, ninacho mpaka leo. Lakini huja na kuondoka, na kati ya kuja na kuondoka ninaishi.

Mwito wa Hamisi kwa mama yangu ulikwisha kufika Tukuyu kabla ya yote hayo, na mwisho wa mwezi mama akaja kuchukua mgonjwa wake. Alikuja na baibui lake jipya na mkoba wake mweusi, akanikuta nimesimama kaunta napima sukari. Bi Mwajuma aliona haya, akatandika kitambaa cha mezani, akaleta chai ya maziwa na magimbi, akamwambia kwamba Mungu mkubwa, mtoto amepona, hakuna haja tena ya kumhamisha. Mama alishukuru. Na kabla chai haijapoa, huku akiendelea kuuliza bei za mahindi, alifungua mkoba, akatoa karatasi ya kung'aa, akabinya vidonge viwili kiganjani, akavitia mdomoni.

Nikamwuliza kama kichwa kimeanza. Akasema hakijaanza, anazuia tu. Nikamwuliza anakunywa siku ngapi kwa wiki, akanitazama kana kwamba nimemwuliza anavuta pumzi mara ngapi.

"Hizi si dawa, mwanangu," akasema. "Hizi ni za kichwa tu. Nakunywa kila siku tangu zilipoanza kupatikana."

Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu aingie. Alikuwa amekunja uso katikati ya nyusi, mkunjo wa mtu anayebeba kitu kizito asichoweza kukitua. Huyo ndiye aliyekuja kuniuguza. Kama si mzee mmoja kukubali kuchekwa, ningekuwa nakwenda kupona katika nyumba yenye katoni ya vidonge juu ya kabati.

Nikaenda chumbani nikafunga sanduku. Hamisi aliponikuta akasimama mlangoni, akasema watu wataona nimerudishwa. Nikamwambia waone, ninakwenda kwa siku kumi, na anihesabie. Alilibeba sanduku mwenyewe mpaka barabarani ili angalau watu waone kwamba hajalitupa. Walituona. Wanawake waliokuwa wakichagua mitumba walilitazama sanduku, wakamtazama mama, wakaniambia pole.

Tukuyu nilizikusanya dawa zake zote: za mkobani, za juu ya kabati, za chini ya godoro, nikazifungia katika kabati la vyombo na kukaa sakafuni, mgongo kwenye mlango wa kabati. Kwetu hakukuwa na desturi ya kuogopana. Hakuna kikohozi ambacho kingemzuia mama yangu mlangoni. Siku ya tatu alikuja mpaka mbele yangu, amefunga kichwa kwa kanga, akanivuta bega, akanisukuma, akaniambia nimpishe katika nyumba yake, kisha akaniambia mimi si mwanawe. Nilitamani kufunika uso. Nilimwangalia, nikamwambia bado siku saba.